Treni ya Mizigo Isiyo na Mkia

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, doti ya khanga na nafasi ya kusema machache. Mgeni rasmi alikuwa ameyasema machache yake kwa muda mrefu sana, pilau ikapoa, na zamu yangu ilipofika nikasema "asanteni, tule," nikakaa. Nasikia wengine mlidhani nimezidiwa na uchungu. Sikuzidiwa na chochote. Nilikuwa na njaa, na mhasibu alikuwa ameshaanza kuliangalia paja la kuku lililokuwa upande wangu.

Sasa niko nyumbani Pasua, hapa hapa Moshi, sina wa kunikatisha ila jogoo wa jirani, kwa hiyo nitayasema hapa. Vyeo sitavitaja, kwa sababu kila cheo nilichopata kiliniongezea funguo tu. Mshahara nao tuuache upumzike, marehemu hasemwi vibaya. Ninachotaka kuwaachia ninyi vijana mliobaki stesheni ni habari ya kazi moja ambayo siku hizi mnaifanya huku mnabonyeza simu: kuangalia treni ya mizigo ikipita. Nitawaeleza nani alinifundisha, na jinsi alivyokaribia kufa alipokosa ya kuangalia.

Niliingia reli miaka ile ya foleni, wakati sabuni ikifichwa kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo. Nilitoka Mkuu, Rombo, nikiwa tayari mama wa watoto wawili, nimeajiriwa ukarani wa ghala la mizigo. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino kirefu, kwa kuwa neno "karani" nililisikia vizuri na neno "ghala" sikulitilia maanani. Kabla ya chai kisigino kimoja kilikuwa kimenasa kati ya taruma la reli na kokoto, nami nimesimama kwa mguu mmoja kama kuku anayefikiri, makuli wamekaa juu ya magunia ya kahawa wakinishangilia.

Aliyekuja kuninasua alikuwa Ladislaus, mtu wa Kilema, mshika bendera wa zamu. Tulimwita Mzee Ladislaus ingawa wakati ule hakuwa mzee. Uzee alipewa na reli pamoja na sare. Alikuwa mrefu, mkavu, suruali yake imepigwa pasi ya mkaa mpaka mkunjo ukasimama wenyewe. Mfuko wa kushoto aliweka filimbi, wa kulia rozari, na niliwahi kumwona kwa macho yangu, akiwa na haraka, akipeleka rozari mdomoni ili asimamishe treni. Alinisemesha Kichagga cha Kilema, nikamjibu kwa cha Rombo, tukatazamana, tukahamia kwenye Kiswahili na hatukurudi tena.

Alipomaliza kukitoa kiatu changu, treni ya mizigo ikaingia kupita. Nikafanya anavyofanya binadamu yeyote: nikakitazama kichwa cha treni, nikampungia dereva, nikageuka kurudi ghalani nikichechemea.

"Wewe binti wa Rombo! Unakwenda wapi?"

"Ghalani, mzee. Treni si imeshapita?"

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Umeona uso. Uso hata mtoto anayenyonya anauona. Mkia umeuona?"

Sikuwa nimeuona. Akanieleza pale pale, kwa sauti ya kusikiwa na makuli wote, sheria ambayo nimeishika mpaka leo. Treni inapopita stesheni, kila mwenye zamu anatoka nje na kusimama, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Anaangalia ekseli inayotoa moshi, mlango uliofunguka, turubai lililolegea, chuma kinachoburuzwa. Mwisho kabisa anaangalia behewa la gadi, yule msimamizi wa treni anayesafiri nyuma, ambalo mwishoni mwake lina kibao chekundu mchana na taa nyekundu usiku. Huo ndio mkia. Ukiuona, treni imefika nzima. Usipouona, basi kuna mabehewa yamekatika na yamebaki njiani, na njia yetu ni moja tu, na treni ijayo itayakuta. Ukishauona mkia unamwinulia gadi mkono, naye anakuinulia wa kwake, ndipo unaruhusiwa kuendelea na maisha yako.

"Na unasimama," alimalizia. "Treni inakaguliwa kwa miguu, haikaguliwi kwa makalio."

Wengi walimwona msumbufu, nami nilikuwa mmojawapo, mpaka siku treni ya saruji ilipotufikia kutoka Kahe. Treni ya abiria ilikuwa imesimama tayari kushuka upande ule ule ilikotoka saruji, watu wamejaa madirishani, mama mmoja ameshaanza kumenya mayai. Saruji ikaingia, mabehewa yakapita mbele yetu moja baada ya jingine, kisha yakaisha. Nyuma ya la mwisho kulikuwa na jua tu. Mzee Ladislaus hakupiga kelele. Alishuka relini, akasimama mbele ya kichwa cha treni ya abiria na bendera nyekundu, akabaki hapo huku abiria wakimtukana kwa lugha zote za mkoa huu na mbili za Kenya. Stesheni masta akatoka, akamwona, akafunga njia bila kuuliza. Mabehewa yaliyokatika yalikutwa yamejiegesha kwenye kona huko chini, gadi amekaa ngazini anakula muwa, na wenyeji wawili walikuwa wanamfariji wakiwa na mifuko mitupu mikononi. Tangu siku hiyo nilisimama kwa kila treni, hata nilipokuwa na mimba ya mtoto wa tatu na miguu imevimba.

Ikaja miaka ya ruksa. Kila kitu kikawa ruksa, na ghala langu likaanza kupokea vitu ambavyo hata jina sikuvijua. Kabla yake nilikuwa na kahawa, mbolea, saruji na ngozi mbichi, ambazo harufu yake ilitusaidia kutopata wageni wa muda mrefu. Sasa yakaja marobota ya mitumba, redio za masanduku makubwa, na mara moja kengele moja kubwa isiyo na jina la mpokeaji. Wakatoliki wakaja kuidai, Walutheri wakaja kuidai, kila upande umeleta mzee wa kanisa na gari la kukodi. Nikawaambia waende nyumbani wakaombe, atakayejibiwa kwanza arudi. Hatimaye ilionekana ni ya shule. Pande zote mbili zilinilaumu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyoona umoja wa makanisa ukifanya kazi.

Baadaye ruksa ikaufikia na mzigo wenyewe. Malori yakawa mengi, barabara zikawa nzuri, na mwenye kahawa akitaka gunia lake lifike Tanga alipiga simu, lori likaja mpaka mlangoni kwake na dereva akanywa na pombe ya mbege. Sisi tulimtaka alete mzigo mwenyewe na asubiri. Treni zikapungua. Siku nyingine Mzee Ladislaus alivaa, akapiga pasi, akasimama, na kilichopita ni mbuzi.

Ndipo zikaja semina. Tulifundishwa kwamba mteja ni mfalme, jambo lililotushangaza kwa kuwa mfalme mwenyewe alikuwa hajaonekana tangu mvua za vuli. Akaja pia mtaalamu mmoja kijana, mpole, mwenye tai, akakaa na kila mfanyakazi kumuuliza kazi yake ni nini. Sisi wengine tulikuwa tumejiandaa. Mimi nilijieleza kwa maneno marefu mpaka nikaanza kujiogopa. Mzee Ladislaus alipoulizwa alisema kweli.

"Ninaangalia treni zikipita."

"Na zisipopita?"

"Ninazisubiri."

Orodha ya waliopunguzwa ilipobandikwa, jina lake lilikuwa juu kabisa. Hakulalamika. Aliirudisha bendera, filimbi na sare iliyopigwa pasi, akapanda kwao Kilema, kwenye kihamba chake cha migomba na kahawa, kwa mke wake aliyekuwa akimwona Jumapili tu na siku za likizo. Sote tulisema ana bahati, sasa atapumzika. Watu wakikutakia mapumziko, waulize wanamaanisha yapi.

Haikupita miezi mingi, mke wake akashuka Moshi kunitafuta. Anaitwa Mama Yasinta, mwanamke mfupi mwenye mdomo mkali na maneno machache. Tulikuwa tunasalimiana tu misibani. Alinikuta ghalani, akaweka chini mkungu wa ndizi, akakataa kiti.

"Felista, mume wangu hagombani tena."

"Si ndiyo raha, mama?"

"Raha gani? Juzi nimeunguza mtori kwa makusudi. Kala vijiko viwili, akasema asante. Ameniambia asante, Felista!"

Nikaanza kucheka, kisha nikamtazama usoni, nikaacha. Akanieleza kwamba mume wake anaamka alfajiri, anavaa, anakaa uani akielekea bondeni, na jioni anavua. Hali chakula. Kahawa haikatwi matawi. Koti lake zuri amempa mdogo wake. Wiki iliyopita amemchukua mkwe wao akamwonyesha, kati ya mimea ya masale, mahali anapotaka kuzikwa.

"Hospitali wamempima mpaka damu ikamwishia. Wanasema hana ugonjwa. Mtu asiye na ugonjwa utamponyaje?" Akausogeza mkungu kwangu kwa mguu. "Mtafutie kitu cha kumshusha mjini. Chochote. Mimi sitauliza."

Nikamwahidi, na sikuwa na kitu. Stesheni kwenyewe tulikuwa tunagombania treni moja. Nilikaa na ahadi ile kifuani wiki nzima, na ninawaambia kweli, niliogopa. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nani atatoa turubai la msiba.

Sasa wakati huo huo ofisi ilikuwa imetuagiza tujifunze kutumia barua pepe, ingawa ofisi yenyewe haikuwa na kompyuta. Nikawa nakwenda kwa Eliainshi, mama mmoja wa Kilutheri aliyekuwa na duka la intaneti mjini karibu na stendi. Kompyuta zake alizivika vitambaa vyekundu vya kufuma kama makochi ya sebuleni, na mteja ilibidi ampe pole kila umeme ulipokatika. Siku hiyo pembeni yangu alikaa Mjerumani wa makamo, uso umebabuka kwa jua, midomo imepasuka. Alikuwa amepanda mlima, mlima ukamkataa kwenye kibanda cha mwisho, akashushwa anatapika. Sasa alisubiri ndege yake akiwa ameinamia skrini. Nikachungulia, maana ndivyo nilivyoumbwa. Nikaona reli.

"Unaangalia nini?" nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha sekondari.

"Treni za mizigo."

"Za kwako?"

"Hapana. Zinapita tu chini ya dirisha langu, nyumbani. Nimeweka kamera."

"Wewe ni mtu wa reli?"

"Daktari wa meno."

Jina lake Otto. Alinieleza, bila aibu hata kidogo, kwamba ile kamera inapiga picha, inatulia, inapiga nyingine, na watu wa nchi mbalimbali wanafungua mtandao kuangalia treni za mizigo zikipita pale kwao. Wapo wenye kamera zao pia, Amerika, Uholanzi, kila mahali. Wanaangaliana treni.

"Wanalipwa?"

"Hapana."

"Wanakagua?"

"Wanafurahi."

Nilicheka mpaka Eliainshi akaja kuona kama nimevunja kitu. Watu wazima, wenye meno yao, wamekaa nyumbani wanafanya kwa raha kazi ile ile aliyopunguziwa Mzee Ladislaus! Kisha kicheko kikanikwama. Nikachukua anwani ya ile kamera, na anwani ya Otto, na kesho yake nikapanda Kilema.

Nilimkuta uani, amekaa kama alivyosema mke wake, nguo zimempwaya. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka. Nikamweleza habari ya kamera. Akasema yeye si mtoto wa kuonyeshwa sinema. Nikamweleza habari ya Otto. Akasema Mungu amsaidie. Nikaaga, nikafika kwenye masale ya mpakani, nikageuka.

"Na wanaangalia wamekaa, mzee."

"Nani?"

"Hao wazungu. Treni nzima inapita, wamekaa. Wengine wanakula."

Kisha akamwita mke wake kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu apunguzwe, akauliza pasi iko wapi.

Tuliingia kwa Eliainshi mchana wa siku ya soko. Eliainshi akamwamkia, akampa kiti, Mzee akakikataa. Ndani walikuwemo pia kiongozi mmoja wa watalii aliyekuwa anamwandikia mchumba wake wa Uswisi, na mwalimu anayetafuta mitihani. Picha ilikuja polepole kutoka juu kwenda chini, kwanza mbingu ya Ujerumani, ambayo haikuwa na lolote la kujivunia, kisha mapaa, kisha reli. Tukangoja. Kungoja hakukumpa shida, alikuwa na uzoefu.

Picha ikabadilika, kichwa cha treni hiki hapa. Mzee Ladislaus akanyooka. Akanisukuma nisimame upande wa pili wa kompyuta, nikasimama, mwanamke wa heshima zangu. Picha ya pili, mabehewa. Ya tatu, mabehewa. Alikuwa anasoma kwa sauti ya chini: mlango sawa, turubai sawa, ekseli sioni vizuri. Picha ya tano ikaonyesha tangi la mafuta upande mmoja wa skrini, na nyuma yake reli tupu.

"Felista. Mkia."

"Labda picha inayofuata."

Picha iliyofuata ilikuwa na mbwa.

"Imekatika," akasema. Kisha kwa nguvu, "Treni imekatika! Eliainshi, simu! Stesheni inayofuata ni ipi?"

Eliainshi hakuijua stesheni inayofuata ya Ujerumani. Na hapo, wanangu, picha ikabadilika tena, na upande wa pili kukatokea treni nyingine, inakuja, kichwa mbele, inaelekea kule kule yaliko mabehewa yaliyobaki. Mzee Ladislaus akakinyakua kitambaa chekundu cha kompyuta, akakiinua kwa mikono miwili mbele ya skrini, amepanua miguu kama mtu aliye kati ya reli. "Simama! Simama!" Mwalimu aliruka kutoka kitini. Kiongozi wa watalii alianza Baba Yetu. Na mimi, msinicheke, mimi niliyekuwa najua ni picha, nilikuwa nimeinua mikono yote miwili juu.

Treni ikapita. Picha iliyofuata, mbwa yule yule.

Tulimwandikia Otto hapo hapo, Mzee akitamka, mimi nikitafsiri, Eliainshi akibonyeza kwa vidole viwili. Tulimwambia treni yake imeacha mabehewa njiani, njia ifungwe, gadi atafutwe, huenda ameumia. Saini: Ladislaus, Moshi. Baada ya hapo Mzee akakataa kurudi Kilema mpaka jibu lije. Alilala kwangu Pasua, na kabla ya kulala alikula ugali wote, samaki wote, na akaulalamikia mchuzi.

Asubuhi jibu lilikuwepo. Otto alisema treni ilikuwa nzima. Kwao behewa la gadi liliondolewa zamani, siku hizi nyuma wanatundika vibao viwili vidogo vya rangi nyekundu na nyeupe, kamera yake haivioni. Na pale njia ni mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, hivyo ile treni ya pili haikuwa na ugomvi na mtu. Akashukuru sana. Akasema watu wengi wanaangalia kamera yake na hajawahi kumpata aliyemwonya juu ya lolote.

Nilimtafsiria Mzee huku namwangalia kwa hofu. Nilidhani ataona aibu, atarudi uani kwake kukaa, na safari hii hatatoka.

"Nyuma hakuna mtu?" akauliza.

"Hakuna, mzee."

"Treni yote ile, halafu nyuma hakuna mtu? Na mimi mkono namwinulia nani?"

Akapandwa na hasira. Hasira nzuri, yenye afya, ya mtu aliyekula. Alitaka nimwandikie Otto tena, nimwandikie na waziri wao. Jioni alipanda Kilema akiwa bado anazungumza peke yake, na keshokutwa yake Mama Yasinta akanitumia ujumbe kwa mtu wa sokoni. Ujumbe ulisema: "Ameninunia kwa ajili ya chumvi. Mungu ni mwema."

Kulibaki suala la kuomba radhi, kwa sababu Mzee alikuwa amewasumbua watu wa watu kwa jambo ambalo halikuwepo. Hilo alisema haliwezi kufanywa kwa kompyuta. Alikata jani la sale kihambani, tukalikunja ndani ya bahasha, tukalituma posta. Ninyi wa huku mnajua, ukipelekewa sale huwezi kukataa kusamehe. Otto hakujua, ikabidi nimweleze, naye akaguswa mno akalibandika dirishani mbele ya kamera. Kwa siku kadhaa dunia nzima iliangalia treni za mizigo kupitia jani la Kilema, mpaka mke wa Otto alipofanya usafi akadhani ni takataka.

Tangu hapo Mzee akawa anashuka kila siku ya soko, pasi imepigwa, kofia kichwani. Waliopunguzwa wengine wakasikia, wakaja: dereva wa zamani, gadi mmoja aliyekuwa sasa anauza vitunguu, mafundi wawili, makuli watatu. Akawapangia zamu. Akawakataza kukaa. Eliainshi alilalamika kwamba ana viti vinane na vizee vinane vimesimama, wateja wanadhani kuna msiba. Walibishana na Otto juu ya breki, juu ya matangi, juu ya ule ushenzi wa vibao, mpaka Otto akachoka akaigeuza kamera ionyeshe vizuri nyuma ya treni. Wote wanaoiangalia leo hawajui ni nani aliyewageuzia dirisha. Na mara moja moja, treni ya kweli ya mbolea ilipotufikia Moshi, nilimtumia habari Kilema, akaja, akasimama upande wake nami upande wangu.

Aliishi hivyo miaka mingi kuliko nilivyothubutu kumwombea. Alipougua, safari hii hospitali walipata jina la ugonjwa, na masika yakamchukua. Tulimzika kwenye tope, mahali pale alipokuwa amepachagua. Katekista akasoma rambirambi kutoka kwa daktari wa meno wa Ujerumani, na waombolezaji wengi waliondoka wakiamini marehemu alikuwa na meno ya bandia ya Ulaya. Mimi nililia vibaya. Nilikuwa nimemzoea kuliko kaka zangu.

Baada ya matanga Mama Yasinta akashuka tena Moshi. Nilikuwa nakaribia kustaafu. Hakuja na ndizi, alikuja na khanga nyeusi na mkoba.

"Nipeleke huko alikokuwa anakuja," akasema. "Miaka yote ile mwanamume ametoka kwangu kwenda kuangalia kitu. Nataka nikione."

Nikampeleka. Eliainshi akampa pole, akamfungulia mwenyewe kompyuta ya dirishani. Tukakaa, tukangoja, na treni ikaja. Kichwa, mabehewa, mabehewa ya magari mapya, mabehewa ya mchanga, mwisho. Hakupepesa macho mpaka reli ikabaki tupu.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho, mama."

"Hiki tu?"

"Hiki tu."

Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikamshika, kumbe anacheka, kisha nikaona ni vyote viwili kwa pamoja na machozi yanadondokea mkoba.

"Mimi nilidhani ni mwanamke," akasema. "Tangu yuko kazini, nilijua ana mwanamke Moshi. Mtu gani anapiga pasi namna ile kwa ajili ya mabehewa? Na nilidhani ni wewe, Felista."

"Mimi!"

"Wewe. Siku ile nilipokuja kwako ghalani na ule mkungu, nilikuwa nimekuja kwa mwanamke wa mume wangu. Nikasema moyoni, kama huyu ndiye anayemfanya aishi, basi amrudie. Bora niwe naye nusu kuliko kumzika mzima."

Eliainshi aligeuka akajifanya anapangusa kompyuta nyingine. Mama Yasinta akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akausogeza mkoba wake pembeni, akausogelea ule mwanga wa skrini.

"Nyingine inapita saa ngapi?" akaniuliza.